Bahari, Kina na Mizani: Kuusoma Mpango wa Mbizi wa Mwana wa Nyamira

Utangulizi

Masimulizi ya safari yana historia ndefu katika fasihi ya Kiswahili. Mkusanyo wa Carl Velten uliotolewa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, una habari za misafara ya bara pamoja na habari za Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia akaieleza theluji kwa lugha ya watu wasiopata kuiona. Karibu karne moja baadaye Ken Walibora, katika Siku Njema (1996), alimpeleka Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale, yaani kutoka pwani hadi nyanda za juu, akimtafuta babaye. Matini hizi, ziwe za kweli au za kubuni, zina sifa moja inayozifungamanisha: msimulizi amekwisha kurudi, au angalau amekwisha kufika. Msomaji anapoufungua ukurasa wa kwanza anajua kwamba aliyeandika aliokoka. Lau asingeokoka, asingeandika.

Uko utanzu mwingine ambao wahakiki hawajaushughulikia ipasavyo, nao ni mpango wa safari. Huu huandikwa kabla ya kuondoka. Mwandishi wake hajui mwisho, na msomaji wake, ambaye aghalabu ni jamaa wa karibu, anausoma kwa moyo mzito kwa kuwa naye haujui. Vitenzi vyake havimo katika -li- ya masimulizi, bali katika -ta-, -ki- na -po-: nitakapofika, nikishuka, hewa ikipungua. Ni matini inayosimama juu ya masharti. Makala haya yanaichunguza matini moja ya aina hiyo, iliyoandikwa na mwana wa Nyamira kwa ajili ya wazazi wake, na yanakusudia kuonyesha kwamba ndani ya kurasa zake chache mna swali ambalo fasihi ya Kiswahili imelikwepa: bahari ni ya nani katika lugha hii?

Matini na wasomaji wake

Mwandishi wa mpango ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa mlima wenye majani chai usio mbali na Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira. Tangu mwaka 2021 anaishi jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wamekuwa wengi kwa miongo kadhaa, na kazi yake, kama ya wengi wao, ni kuwatunza wazee. Mwaka 2024 alikusudia kwenda California, kwenye Ghuba ya Monterey, kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Alikuwa amekwisha kufunzwa, kwanza katika bwawa la kuogelea, kisha katika ziwa. Mpango wake umo katika kurasa nane za daftari zilizopigwa picha na kutumwa kwa simu, naye aliuandika mara tatu. Ni nakala hizo tatu, zikisomwa kwa kulinganishwa, zinazoupa mpango huu thamani ya kihakiki.

Hakumtumia baba yake moja kwa moja. Alimtumia mwalimu aliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili, akamwomba awasomee wazazi. Msomaji asiyejua mila za Abagusii angeudhani huu kuwa woga. Yamkini kulikuwa na woga pia, lakini kuna jambo la msingi zaidi: chinsoni, ile staha inayotenga kizazi cha mzazi na kizazi cha mwana, haimruhusu mwana kuketi mbele ya babaye na kumtajia jinsi anavyoweza kufa. Jambo kama hilo hupitia kwa mtu wa kati. Hivyo matini hii, kabla hata haijasomwa, imekwisha kujichagulia hadhira tatu: mwalimu anayetamka, baba anayesikiliza, na mama aliyeketi kando akisikia kila neno ingawa mpango haukuelekezwa kwake.

Maneno ya kwanza ya nakala ya kwanza ni "Tata na Baba". Mgeni atayatafsiri vibaya, kwa kuwa katika Ekegusii tata ndiye baba na baba ndiye mama. Baada ya salamu hizo matini yote ni ya Kiswahili. Uteuzi huo wa lugha si wa bahati. Kiingereza kingemfungia baba mlango. Ekegusii, kwa upande wake, kina neno moja, enyancha, linalobeba ziwa na bahari pamoja, na kila mzee wa Nyamira anayo enyancha yake tayari: ni ule wangavu wa Ghuba ya Winam unaoonekana kutoka miinuko ya Manga siku isiyo na ukungu. Kijana alitaka maji mengine, si yale. Kiswahili ndicho kilichompa neno la kuyatenga.

Bahari ya darasani

Hapa pana jambo ambalo walimu wa Kiswahili wa nyanda za juu wanalijua lakini hawalisemi. Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira hukutana na neno bahari mara nyingi kabla ya kuyaona maji ya chumvi, na mahali anapokutana nalo ni katika somo la ushairi. Bahari, kwake, ni aina ya shairi. Neno lenyewe lilikuja na maana zote mbili, kwani katika Kiarabu bahr ni maji makuu na pia ni mpangilio wa mapigo ya beti. Kina, kwake, ni silabi zinazofanana mwishoni mwa kipande. Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Kituo ni mshororo wa mwisho ambapo wazo la ubeti hutulia. Anaweza kupata alama zote katika swali la ushairi bila kujua kwamba kuna mabaharia ambao kwao bahari huloanisha, kina huua, na mizani hupima samaki.

Kijana huyu aliligundua jambo hilo alipoanza kufunzwa mbizi, na nakala yake ya pili imelijenga kwa makini. Anamweleza babaye kwamba mpiga mbizi hufungwa vipande vya risasi kiunoni, kwa kuwa vazi la mpira humwinua. Risasi ikizidi atazama, ikipungua atarushwa juu, na kazi yote ya mwanafunzi ni kuitafuta mizani yake. Anaeleza kwamba kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari, hata mtu aliye kwenye mita 10 anabeba maradufu, na kwamba yeye, akiwa mwanagenzi, haruhusiwi kupita mita 18. Anaeleza kwamba kabla ya kutoka atasimama kwenye mita 5 kwa dakika 3, atulie, ili gesi iliyoingia damuni itoke taratibu. Mahali hapo pa kusimama amepaita kituo. Mwalimu alipofika kwenye neno hilo, alinyamaza kidogo. Ndilo neno alilomfundisha kijana akiwa kidato cha pili, kwa maana nyingine kabisa.

Hewa ya mtungi ameigawa katika thuluthi: moja ya kwendea, moja ya kurudia, na moja ya dharura isiyoguswa. Msomaji wa ushairi ataikumbuka tathlitha, ubeti wa mishororo mitatu. Isidhaniwe kwamba kijana alikuwa akicheza na maneno. Hakuwa na maneno mengine. Lugha ya bahari ilimfikia kupitia ushairi, naye akaichukua kutoka darasani akairudisha majini. Iwapo kina cha maji na kina cha shairi ni neno moja tangu asili, au ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, ni suala la wanaisimu. Kwa mwandishi huyu yalikuwa moja.

Kuna neno lingine alilolitumia vizuri zaidi, nalo ni kuelea. Shabaha ya mpiga mbizi si kuzama wala kupanda, bali kutulia kati ya maji bila kugusa chini. Kijana anaandika kwamba siku alipoweza kuelea hivyo ndipo somo lote lilipomwelea. Kiswahili kinampa haki ya kusema hayo, kwa kuwa ndani yake jambo lililofahamika huwa limekuelea.

Maneno yaliyokwama

Isitoshe, nakala hizi zinafundisha pia kwa makosa yake, na sifa ya mwandishi ni kwamba aliyasahihisha kwa kufuata masikio ya wasikilizaji wake badala ya kuwalaumu. Kifaa kinachoshushia hewa ya mtungi kinywani alikiita kwanza mdhibiti. Mzee, ambaye husikiliza habari kwa redio kila jioni na anamjua Mdhibiti wa Bajeti, aliuliza ni ofisa gani wa serikali atakayeshuka naye majini. Katika nakala ya pili kifaa hicho kimekuwa kipumulio, na hakuna aliyeuliza tena.

Vazi alilita suti. Mama alitaka kujua kwa nini mtu anunue suti ya harusi kwenda kuiloanisha. Likawa vazi la mpira, lenye unene wa milimita 7, pamoja na kofia na glavu za namna hiyohiyo. Mwenziwe wa majini, ambaye kanuni za mbizi zinamtaka asitengane naye, alimwita mwenza. Neno hili lilizua ukimya mrefu zaidi kuliko yote, kwa kuwa mwenza masikioni mwa mama ni mke mwenza au mwenzi wa ndoa, na kijana hakuwa amewatajia mwanamke yeyote. Nakala ya tatu inasema mwandani wa mbizi, na inafafanua kwamba ni mwanamume wa makamo, mfanyakazi mwenzake, mwenye mbizi nyingi.

Makosa haya yana kichekesho, lakini yana somo. Istilahi haijengwi mezani peke yake. Neno lililopendekezwa na mwenye ujuzi hupimwa na asiye na ujuzi, na likikataliwa hakuna baraza litakaloliokoa. Mzee wa Nyamira, kwa maswali yake, alifanya kazi ya kamati nzima ya istilahi.

Baridi

Sehemu ya nakala ya pili inayohusu baridi ndiyo bora kuliko zote kifasihi. Maji ya Monterey, juu juu, huwa kati ya nyuzijoto 10 na 15 mwaka mzima. Majira ya kuchipua pepo za kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya chini, yaliyo baridi zaidi na yenye rutuba, hupanda kuchukua nafasi yake. Ndani ya ghuba hiyo kuna korongo lililozama ambalo vina vyake hupita mita 3,000. Ubaridi huo na rutuba hiyo ndivyo vinavyokuza misitu ya mwani mkubwa, mmea unaoweza kurefuka zaidi ya sentimita 30 kwa siku moja, ukashika mwamba chini na kutandaza majani juu kama dari. Fisi maji hujiviringisha katika majani hayo wapate kulala bila kuchukuliwa na mkondo. Mwaka 1992 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya bahari.

Mwandishi angeweza kuishia hapo, kama vijitabu vya watalii vinavyoishia. Yeye aliendelea. Alimkumbusha baba asubuhi za Julai, mama na wachumaji wengine wanapoingia kwenye majani chai kabla ukungu haujaondoka, wamejifunga plastiki kiunoni, umande umewalowesha hadi kwapani, na vidole havikunjiki. Kisha akaeleza kwamba maji hunyang'anya mwili joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo azidishe baridi ile, na kwamba dalili ya kwanza ya hatari ni hiyohiyo: vidole kukataa kukunjika. Vidole vikikataa, atatoka, hata kama hewa ingalipo. Mama, aliyekuwa hajasema neno tangu habari ya mwenza, alisema kwamba hilo analifahamu.

Fauka ya hayo, sehemu hii inavunja dhana iliyoota mizizi, kwamba bahari ya Kiswahili ni ya joto, ya minazi na ya pepo za kusi na kaskazi. Kumbe mtu wa milimani anaweza kuingia katika bahari ya lugha hii kwa mlango wa baridi, mlango ambao mtu wa Lamu hana. Wala maji yenyewe si ugeni kwa Abagusii. William Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia yao kabla ya ukoloni, anafuatilia mapokeo yanayowaleta kutoka pande za Mlima Elgon hadi Goye, katika Yimbo, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, kisha Kisumu na Kano, kabla ya kupanda milimani. Watu hawa walipata kuwa na ghuba. Walichopoteza ni msamiati wake.

Unazamia nini?

Nakala ya kwanza ilipomalizika kusomwa, mzee aliuliza swali moja: "Anazamia nini?"

Swali hili limo ndani ya sarufi. Kuzama ni tendo lisilo na hiari. Jiwe huzama, mashua huzama. Kauli ya kutendea, kuzamia, hudai shabaha. Mzamiaji hushuka kwa ajili ya kitu, ndiyo maana lugha ina mzamia lulu na haina mzamia bure. Methali nayo inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inamsifu anayeinama kwa kuwa kuna kitu mvunguni. Hata matumizi ya mitaani ya neno hili, yanayomwita mzamiaji yule anayejificha melini ili afike ng'ambo, yana shabaha: anazamia maisha. Mzee hakuwa akiuliza kwa dharau. Alikuwa akitaka yambwa ya kitenzi.

Historia inalipa swali lake uzito. Wapo watu wa pwani hii na wa bara lake waliopelekwa Ghuba ya Uajemi utumwani katika karne ya 19, na baadhi yao wakazamishwa kutafuta lulu za wengine, wakishuka kwa pumzi moja na jiwe mguuni, hadi biashara hiyo ilipoporomoka katika miaka ya 1930 kwa kushindwa na lulu za kufugwa za Japani. Karibu na Monterey penyewe, mwishoni mwa miaka ya 1890, wazamiaji wa Kijapani walikuja kuvuna konokono wakubwa wa baharini. Maji yakawashinda kwa ubaridi, ikabidi watumie mavazi mazito yenye kofia za chuma. Hakuna kati yao aliyeshuka ili atazame tu.

Jibu la kijana katika nakala ya pili ni dhaifu. Anaandika kwamba anakwenda kuona. Katika nakala ya tatu anajaribu tena, na safari hii anataja kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 2010 The Pearl, riwaya fupi ya John Steinbeck ya mwaka 1947, ilikuwa miongoni mwa riwaya teule za Kiingereza katika mtihani wa KCSE. Maelfu ya wanafunzi waliokaa mbali na bahari waliisoma habari ya Kino, mzamia lulu, na kuijibia maswali. Baadaye kijana alipata kujua kwamba Steinbeck alizaliwa Salinas, mji ulio karibu na Monterey. Kwamba mwaka 1940 yeye na rafikiye Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya bahari, waling'oa nanga Monterey wakaenda Ghuba ya California. Na kwamba kisa cha lulu ile alikisikia katika safari hiyo. Anaandika kwamba aliupita mtihani kwa kueleza maji asiyoyajua, na kwamba anaona deni.

Mzee alimwuliza mwalimu kitabu hicho kinaishaje. Mwalimu hakuwa na njia ya kukwepa. Alisema kwamba lulu inarudishwa baharini, na mtoto anakuwa amekufa. Mzee akasema: "Basi mtoto ndiye aliyelipa." Huo ni uhakiki wa The Pearl uliotimia, na umesemwa na mtu ambaye hajaisoma.

Swali la pili

Swali la pili la mzee halikuulizwa mbele ya mama. Alilisema njiani, akimsindikiza mwalimu: mwili ukibaki humo, je?

Kwa Abagusii mtu huzikwa katika boma la kwao. Anayefia Marekani hurejeshwa, hata kama wanakijiji watachanga kwa miezi. Mzee mwenyewe amekaa katika kamati za michango kama hiyo. Bahari haichangiwi. Isitoshe, Mkenya wa siku hizi hahitaji kuwaza mbali. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri kivukoni Likoni, mama na bintiye wakiwa ndani, na nchi nzima ikawatazama wapiga mbizi wakishuka na kupanda hadi tarehe 11 Oktoba miili ilipotolewa. Kwa watu wengi wa bara hizo ndizo siku walizojifunza neno wapiga mbizi, na walijifunza pamoja na neno maiti. Watanzania nao walikuwa wamelipata funzo lao tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza.

Mwalimu alilipeleka swali kwa kijana kama lilivyo. Nakala ya tatu ndiyo jibu. Haina faraja za jumla jumla. Haisemi kwamba ajali haina kinga wala kwamba Mungu yupo, ingawa mwandishi ni Msabato na amepanga kushuka Jumapili, si Jumamosi. Inataja kina: hatapita mita 12, ingawa anaruhusiwa 18. Inataja mahali: ufuko wenye ngazi na watu, ambapo wanagenzi hufunzwa, mbali na korongo. Inataja mwezi: Oktoba, kwa kuwa vuli ndipo maji hutulia na kuonekana vizuri. Inaeleza mwani, kwamba mtu akinaswa hatapapatika, bali atasimama, atamwonyesha mwandani, na vitakatwa kwa kisu. Inaeleza kwamba hatazuia pumzi kamwe wakati wa kupanda, kwa kuwa hewa iliyobanwa chini hutanuka juu na kupasua mapafu. Inasema hatapanda ndege hadi Jumanne, kwani mpiga mbizi anayekimbilia angani mapema hudhurika. Mwisho imetaja bima, na namba ya mtu wa kupigiwa, na sentensi moja: kwa kina hicho na mahali hapo, mtu hutolewa siku hiyohiyo.

Sentensi hiyo haina tamathali yoyote. Ni ya kutisha, nayo ndiyo iliyomtuliza mzee, kwa kuwa ndiyo pekee iliyolijibu alilouliza. Wahakiki hupenda kuipima matini kwa wingi wa picha zake. Hapa matini ilifikia kilele chake ilipoziacha.

Mama alikuwa na neno lake pia. Alisema mwanawe alikwisha kuzamishwa mtoni siku ya ubatizo, akatoka, na kwamba aliyemtoa siku ile hakuwa na mtungi. Hakusema zaidi. Katika kauli yake kuzamishwa ni kauli ya kutendwa: kuna mwingine anayetenda, naye ana mkono wa kukuinua. Mpango wa mwanawe, pamoja na hesabu zake zote, hauna kauli hiyo.

Ishara ya dole

Katika ukurasa wa saba wa nakala ya tatu kijana amechora ishara za mikono zinazotumiwa majini, ambako hakuna sauti. Ngumi kifuani ni hewa inapungua. Kidole cha kwanza na gumba vikiunda duara ni salama. Gumba likiinuliwa si salama, wala si kukubali. Ni amri: twende juu, mbizi imekwisha. Mwenye kulitumia gumba kwa maana ya nchi kavu atamfanya mwandani wake akatishe safari. Kwamba ishara haina maana ya kuzaliwa nayo, bali hupewa na jamii inayoitumia, ni nadharia inayofundishwa kutoka kwa Saussure katika kila idara ya lugha; ni nadra kuiona ikiwa na uzito wa mtu kupona au kutopona.

Mwalimu alipoimaliza nakala ya tatu, mzee alikaa kimya. Kisha aliomba simu, na badala ya kusema, alimtaka mwalimu amtumie kijana picha ya gumba lililoinuliwa. Mwalimu alimkumbusha ukurasa wa saba. Mzee alisema ameusikia vizuri, na kwamba itumwe vilevile.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mpango wa safari ni matini inayostahili uhakiki, kwa sababu ndani yake lugha inafanya kazi kabla ya matokeo kuisahihisha. Yamedhihirisha pia kwamba msamiati wa bahari katika Kiswahili haujafungiwa pwani. Umekaa muda mrefu milimani, katika madarasa ya ushairi, na mwanafunzi mmoja aliweza kuutoa humo na kuurudisha majini bila kuukopa upya. Mabaharia wa zamani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo hufundishwa Nyamira kama fumbo, na walimu hulazimika kuchora chombo ubaoni ili ieleweke. Mzee mmoja aliielewa bila mchoro.

Kijana alishuka Monterey katika Oktoba 2024, kwenye mita 11, kwa dakika 31, akatoka kwa sababu vidole vyake vilikataa kukunjika. Habari hiyo aliileta kwa ujumbe mfupi wa maneno kumi na mawili, usio na thamani kubwa ya kifasihi. Nakala tatu za mpango, kwa upande mwingine, zinastahili kuhifadhiwa, na zingekuwa mwanzo mwema iwapo idara zingeanza kukusanya barua, ratiba na maelekezo ambayo Waafrika Mashariki walio ughaibuni huwaandikia wazazi wao kwa Kiswahili kabla ya kutenda jambo la hatari. Maandishi hayo ni mengi, yamo ndani ya simu, na hufutika.